Kreti ya soda na mbwa mwitu: kesi ya ubashiri katika banda la gemu Sae

Jumamosi moja ya Novemba 2024, mvua za mwanzo zikiwa zimeshaanza kunyesha Mbeya, kijana mmoja alibisha hodi kwangu Sae akiwa ameficha kaunta buku ndani ya koti lisije likalowa.

"Shikamoo, mwalimu. Unahitajika bandani. Kesi imetushinda."

Nilimwitikia, nikavaa viatu, nikamfuata. Sikuuliza kesi gani. Daftari lile nililifahamu, na ukurasa uliowagombanisha niliuona ukiandikwa mwaka 2022.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinagusa jambo ninalolihangaikia darasani kila mwaka, yaani namna msomaji anavyoweza kumtambua mhusika pinzani kabla hadithi haijamtaja. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Vijana wale walilifanya jambo hilo kwa hiari yao, kwa zaidi ya miaka miwili, juu ya gemu ambayo ilikuwa haijatoka, na walibishana vizuri kuliko madarasa mengi niliyowahi kuyasimamia. Gemu hiyo ni ya nne katika mfululizo wa Dragon Age, gemu za hadithi za kubuni zenye wachawi na majoka, na nitataja mwisho wa zote nne bila kuficha kitu. Anayetaka kuzicheza mwenyewe aache hapa, arudi akishamaliza.

Banda ni chumba kimoja chenye televisheni nne na mabenchi ya mbao. Mchana kutwa ni mpira tu: unalipia mechi, ukifungwa unampisha mwenzako. Usiku, wateja wa mpira wakipungua, hubaki kundi dogo linalocheza kile wanachokiita gemu za stori, na mwenye banda huwaachia kona moja kwa bei ya saa. Katika kona hiyo Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014 ilichezwa na karibu kila mmoja wao, padi ikipita mkono kwa mkono, anayejua Kiingereza zaidi akiwatafsiria wenzake. Wana maneno yao. Unayemwongoza ni stelingi, kama kwenye filamu za kibanda umiza. Anayepingana naye ni adui. Anayepigwa mwisho kabisa ni bosi. Mwaka 2022 hakuna aliyefikiri kwamba adui na bosi wanaweza kuwa watu wawili, na kutoka hapo ndipo ugomvi wote ulipozaliwa.

Juni 2, 2022 kampuni ya BioWare, watengenezaji wa Dragon Age, ilitangaza kwamba gemu ya nne itaitwa Dragon Age: Dreadwolf, Mbwa Mwitu wa Kutisha. Kwa aliyeifuata hadithi, jina hilo lilikuwa kama kidole kinachoelekezwa kwa mtu. Mbwa mwitu huyo ni Fen'Harel, mungu mjanja wa masimulizi ya Waelfi, watu wa kubuni wenye masikio marefu, na mwishoni mwa Inquisition ilijulikana kwamba Fen'Harel ndiye Solas, yule mwenye kipara, mpole, mchoraji wa kutani, aliyetembea na stelingi gemu nzima akisimulia ndoto zake. Desemba 2018 tayari kilikuwa kimetoka kipande cha kuionjesha gemu mpya, chenye michoro ya ukutani na sauti ya Solas akimwambia anayemtafuta kwamba hatimaye amempata. Picha yake, sauti yake, na sasa jina lake.

Jumamosi iliyofuata tangazo kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita inayojulikana na kila mkazi wa Mbeya, watu wote wamevaa makoti ndani ya nyumba, chupa ya chai ya tangawizi ikizunguka. Wakakubaliana kila mtu aandike nani atakuwa adui mkuu. Watakaokosa watanunua kreti ya soda. Waliandika watu kumi na mmoja. Wanane waliandika neno moja: Solas. Mmoja aliandika Waqunari, taifa la wapiganaji wenye pembe, kwa kuwa alikuwa amecheza gemu ya pili, ya mwaka 2011, na hakuwa amesahau jinsi Arishok, jemadari wao, alivyouvamia mji wa Kirkwall. Mwingine aliandika sanamu jekundu, lile lililomtia wazimu Meredith, mkuu wa askari wa kanisa mjini Kirkwall, katika gemu hiyohiyo ya pili na ambalo lilionekana tena katika kipande cha 2018. Ubashiri huu wa sanamu ulidharauliwa kupita kiasi; baadaye ilibainika kwamba ndani ya sanamu lile mlikuwa na jambia la Solas, ambalo gemu ya nne inalizunguka kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wa kumi na moja alikuwa dada mmoja wa Tukuyu, mwanafunzi wa chuo hapa mjini. Yeye hakuandika jina. Aliandika sentensi, Pazia likiwa ni ule ukuta wa kichawi wa dunia ya gemu: "Waliofungwa. Solas atavunja Pazia, wao ndio watatoka."

Fundi simu, ambaye ndiye mzungumzaji mkubwa wa lile kundi, alimuuliza kama jina la gemu amelisoma kweli. Mimi nilikuwa nimepita kumlipa mwenye banda deni la vocha. Waliponiuliza nilisema Solas, nikaenda zangu.

Nimejiuliza sana kwa nini watu waliokaa benchi moja, wakacheza gemu moja, waone vitu tofauti kiasi kile. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye mashine. Kundi lilichezea Inquisition kwenye PS3 ya bandani. Septemba 2015 BioWare ilitoa nyongeza ya mwisho ya gemu ile, Trespasser, kwa kompyuta, PS4 na Xbox One peke yake. Wenye PS3 hawakuipata. Hivyo wengi wa wale wanane waliimaliza hadithi pale Corypheus, bosi wa gemu ile, anapouawa, na baada ya majina ya watengenezaji wakaona tukio fupi la Solas na Flemeth, mchawi mkongwe, tukio linalomwachia mtazamaji wazo moja tu, kwamba kumbe yule mpole alikuwa na lake. Yaliyobaki waliyapata kwenye vipande vya video za simuni, vilivyokatwa na watu waliotaka kuonyesha ule mshtuko wa mwisho. Dada wa Tukuyu aliicheza Trespasser yote kwenye laptop ya kaka yake, akisoma hata maandishi yaliyobandikwa kutani.

Na ndani ya Trespasser Solas anasimulia mwenyewe. Wale ambao Waelfi wanawaabudu kama miungu, Evanuris, hawakuwa miungu. Walikuwa wenye uchawi mkubwa walioanza kama majemadari wa vita, wakawa wazee wa kuheshimiwa, wakawa wafalme, mwisho wakawa miungu, na wakawachora watumwa wao alama usoni. Walipomuua mmoja wao, Mythal, Solas aliwafungia mbali, na ili awafungie akaliumba Pazia linaloutenga ulimwengu wa kawaida na ulimwengu wa roho na ndoto. Pazia lile liliwapokonya Waelfi uhai wao usiokoma, likauangusha ustaarabu wao. Sasa anataka kulishusha ili arudishe alichokiharibu, hata dunia ya leo ikiteketea. Stelingi anaweza kumuuliza: ukilishusha, hao uliowafunga hawatatoka? Jibu la Solas ni fupi mno, kwamba alikuwa na mipango.

Dada alinieleza kwamba hapo ndipo alipoisimamisha gemu na kubaki anaitazama skrini. "Mwalimu," aliniambia, "mtu anabomoa gereza, unamuuliza waliomo ndani je, anakujibu ana mipango. Wewe utamwogopa yeye au waliomo ndani?"

Swali hilo ni zuri kuliko mengi niliyoyasoma kuhusu gemu ile katika miaka yote ya kuisubiri. Wanane waliuliza nani anaonyeshwa. Dada aliuliza kilichofungiwa ni nini na kitatokea nini kikifunguka. Swali la kwanza linajibiwa na watu wa matangazo, ambao kazi yao ni kutuvuta. La pili linajibiwa na usababisho wa hadithi yenyewe, na mtunzi hawezi kuukwepa usababisho alioujenga kwa mkono wake. Ukishaambiwa kwamba kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna watawala saba wenye hasira, na kuna mtu anakuja na nyundo, hadithi imeshaahidi. Mtunzi asipowatoa, msomaji atadai.

Alikuwa na hoja ya pili, aliyoipata kwa bibi yake. Kabla ukweli haujajulikana, Waelfi walimsimulia Fen'Harel kama mjanja aliyekwenda kwenye kambi mbili za miungu waliokuwa vitani, kila upande ukimdhani wake, akawafungia wote. Huyo kwetu ni sungura. Sungura anakunywa maji ya kisima ambacho hakukichimba, anamponza fisi, anaweza hata kuwa mkatili, lakini msimulizi hamgeuzi kuwa zimwi. Zimwi lipo pembeni, kubwa, lina njaa, na ujanja wa sungura unapata maana kwa sababu lipo. Hoja hii naipenda, ila naiona dhaifu kuliko ile ya kwanza. Watunzi wa Edmonton, Canada, hawakulelewa na sungura wetu, nao wangeweza kumfanya mjanja wao zimwi kama wangetaka. Hoja ya gereza imetoka ndani ya gemu yenyewe.

Mwaka 2023 ulipita karibu kimya. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka ule ulilifunga banda jioni nyingi, na kipande cha Desemba 4, kilichoonyesha maeneo ya dunia ya Thedas, walikitazama kwenye simu ya fundi, wamebanana gizani. Kisha ikaja Juni 2024. Tarehe 6 gemu ikabadilishwa jina: haikuwa tena Dreadwolf, ikawa The Veilguard, Walinzi wa Pazia. Watengenezaji walieleza kwamba jina jipya linalenga kundi la wenzake stelingi. Siku tano baadaye ikatoka video ndefu ya mwanzo wa gemu: Solas anafanya kafara yake, stelingi anamvurugia, na kwenye ufa wanatokea viumbe wawili ambao si Solas: Elgar'nan na Ghilan'nain, wawili kati ya wale Evanuris waliofungwa.

Fundi alitangaza siku ileile kwamba mkataba umekufa. Walibashiri gemu inayoitwa Dreadwolf. Hii si hiyo. Mwenye banda alikataa kuufunga ukurasa mpaka gemu itoke na ionekane mwisho wake. Nadhani alifanya vyema. Angekubali siku ile, tusingejifunza chochote.

Ilitoka Oktoba 31, 2024 kwa PS5, Xbox Series na kompyuta. Bandani hakuna PS5, na laptop ya kaka yake dada isingeibeba. Wakatafuta mtu aliyeirekodi gemu nzima akiicheza, wakachangishana bando, wakaunganisha simu kwenye televisheni, wakaitazama usiku baada ya usiku baada ya mpira, zaidi ya wiki mbili. Walipofika mwisho hawakuelewana, ndipo nikaitwa.

Niliwakuta wamejipanga kama baraza la ukoo. Fundi alianza, na lazima niseme wazi kwamba alijiandaa. Alisema hivi: Varric, rafiki wa kila mtu tangu gemu ya pili, aliuawa na Solas kwa jambia mwanzoni kabisa, na Solas akamfanya stelingi aendelee kumwona rafiki yake kama yuko hai gemu karibu nzima. Solas huyohuyo akaja kumsaliti stelingi na kumtupia kwenye gereza ambamo yeye mwenyewe alikuwa amenasa. Na Elgar'nan akishaanguka, nani anabaki mbele yako? Solas, bado na nia yake ya kulishusha Pazia. "Sasa, mwalimu, mtu aliyekuua rafiki, akakudanganya, akakufunga, halafu ndiye wa mwisho kukabiliana naye, huyo kama si adui mkuu ni nani?"

Kisha akatoa hoja iliyonishtua. Alilifungua daftari kwenye sentensi ya dada. "Kaandika Solas atavunja Pazia, wao watatoka. Solas hakuwatoa. Yeye alikuwa anawahamishia gereza jingine. Tuliowatoa ni sisi, stelingi, tulipomwangushia mambo yake katikati ya kazi. Kwa hiyo na yeye kakosa."

Ni kweli. Ile mipango ya Trespasser ilikuwepo. Hilo hakuna hata mmoja kati ya kumi na mmoja aliyeliona.

Dada alimsikiliza hadi mwisho. "Kaka, nakubali mlango sikujua nani ataufungua. Lakini mtoe Solas baada ya mlango kufunguka. Mji wa Treviso unashambuliwa vilevile. Minrathous inashambuliwa vilevile. Watoe Elgar'nan na Ghilan'nain, gemu haina pa kwenda."

Fundi akamjibu palepale: "Na mimi nakwambia mtoe Solas kabla ya mlango. Hakuna mlango."

Banda zima lilinyamaza. Waligeukia kwangu.

Niliomba tuangalie nyuma, kwa kuwa jibu lilikuwa limelala kwenye gemu tatu za kwanza tangu mwanzo na wote tulilipita. Darasani tunafundisha mhusika duara na mhusika bapa. Duara ni yule mwenye sababu zinazogombana ndani yake, anayebadilika, ambaye hata ukimchukia unamwelewa. Bapa anataka kitu kimoja mwanzo hadi mwisho. Dragon Age: Origins ya mwaka 2009 ilikuwa na Loghain, aliyemwacha mfalme wake afe vitani Ostagar akiamini anaiokoa nchi, na unaweza kumuua au kumsamehe na kumchukua upande wako. Lakini bosi alikuwa Archdemon, joka lisilo na mazungumzo. Gemu ya pili ilikuwa na Anders, rafiki anayelilipua kanisa kwa sababu unazozielewa, ila wa mwisho kupigana naye ni Meredith mwenye upanga wa jiwe jekundu. Gemu ya tatu ilimweka Corypheus kuwa bosi, na muda wote Solas yuko pembeni yako anachora. Mara tatu watunzi hawa wamewagawa: mmoja wa kubishana naye, mmoja wa kumwangusha.

Ukiipanga hivyo, Solas hakuweza kuwa Archdemon wa gemu ya nne. Alikuwa ameshapewa mengi mno: michoro, ndoto, marafiki, majuto, hata mapenzi kwa aliyecheza kama mwanamke wa Kielfi. Mtunzi hajengi moyo wa mhusika kwa saa mia halafu akamtumia kama zimwi la kupigwa marungu. Solas alikuwa Loghain wa gemu ya nne. Na mwisho wa The Veilguard unathibitisha: Solas unaweza kumzidi ujanja, kupigana naye, au, ukiwa umefuatilia habari zake vya kutosha, kumshawishi. Elgar'nan hana mlango wa namna hiyo. Anataka kutawala, basi.

Ushahidi huu ulikuwepo Juni 2022, kwenye PS3 ileile, bila hata Trespasser. Nami ninayefundisha duara na bapa kila mwaka nilisimama mlangoni na vocha mkononi nikasema Solas. Jina la gemu lilinizuia nisifikiri. Sina maelezo mengine.

Nikatoa uamuzi. Kosa la kwanza ni letu sote: tuliandika adui mkuu bila kusema maana yake. Anayetusababishia madhara ni mmoja, anayetuumiza moyo anaweza kuwa huyohuyo, na ambaye hatari haikomi mpaka aanguke anaweza kuwa mwingine kabisa. Kwa jinsi banda lenyewe lilivyokuwa likilitumia neno, adui mkuu alimaanisha huyu wa tatu, na huyo ni Elgar'nan, akiwa na Ghilan'nain anayeanguka kabla yake. Dada alipatia nani, akakosa vipi. Waliobaki walikosa nani, na hawakuandika vipi. Aliyeandika sentensi alijiweka mahali pa kukosolewa mara mbili, na bado alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko sisi wa neno moja. Kreti ni yake.

Saba kati ya wanane walikubali, na wa Waqunari na wa sanamu wakachanga bila kusita. Dada alifungua soda moja, nyingine zikagawanywa. Fundi hakuchanga. Mwenye banda alimlipia ili jambo liishe, na fundi akasema hakuliomba hilo.

Nimelifikiria pingamizi lake tangu siku ile. Anasema uamuzi wangu unampunguzia Solas dhambi kwa sababu anazungumza vizuri. Anasema hata kama Elgar'nan asingetoka kamwe, Pazia bado lingeshushwa, na watu wangekufa kwa maelfu kwa mkono wa mtu mpole mwenye majuto. Hapo sina jibu linaloniridhisha. Duara na bapa vinanisaidia kujua nani atapigwa mwisho. Havinisaidii kupima nani ameumiza zaidi, na pengine mwaka 2022 hilo la pili ndilo wale wanane walilokuwa wakilijibu.

Kwa sasa kuna ukurasa mpya. Baada ya majina ya watengenezaji, anayekusanya alama zote zilizofichwa huonyeshwa tukio la siri la watu wa ng'ambo ya bahari, wanaodokeza kwamba walikuwa nyuma ya mambo tangu siku za Loghain. Wengi wameshawaandika wao. Dada hajaandika kitu. Anasema anasubiri aone wanataka nini. Na kama gemu ya tano itakuja lini hakuna anayethubutu kubashiri, kwa kuwa Januari 2025 kampuni mama, EA, ilieleza kwamba ya nne iliwafikia wachezaji kama milioni 1.5, karibu nusu ya waliotarajiwa.

Ukurasa wa zamani umebaki ulivyo. Chini ya uamuzi wangu, kwa kalamu nyekundu na mwandiko uliokandamizwa hadi ukatokea upande wa pili wa karatasi, fundi ameandika neno moja: Sikubali.